Tamko kuhusu Kutafsiri na Kusimamia Kanuni za Mashindano ya Matanga

Kwa waandaaji wa mashindano ya vyombo vya matanga katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa wafadhili, kwa kamati za mashindano, kwa wenye vyombo, na kwa wote wanaosimama ufukweni kutushangilia.

Sisi manahodha, mabaharia na mafundi wa vyombo vya mashindano tulikutana Lamu katika kikao cha wanachama wote, tukakubaliana kwa kauli moja kutoa tamko hili. Msimamo wetu ni kwamba maana ya kanuni isiamuliwe baada ya mshindi kujulikana. Kanuni isomwe, ielezwe na iandikwe kabla ya tanga kupandishwa, na ikishaandikwa imfunge kila mtu kwa namna moja: nahodha mwenye jina na kijana anayeshika usukani wa mashindano kwa mara ya kwanza, mashua ya tajiri na mashua ya mvuvi aliyeazima tanga kwa jirani.

Hatutaji mashindano wala kamati yoyote, kwa kuwa hatukukutana ili kumshitaki mtu. Ila malalamiko yaliyoletwa kikaoni yanafanana mno, ingawa walioyaleta wametoka sehemu mbalimbali za pwani. Maelekezo hutolewa kwa mdomo ufukweni asubuhi ya mashindano, watu wakiwa tayari wanasukuma vyombo majini. Nusu ya manahodha hawasikii. Ugomvi ukizuka, kila mmoja ana kumbukumbu yake ya kilichosemwa, na anayeamua huwa ni mwenye sauti kubwa, au aliyetoa zawadi, au mzee anayeheshimiwa na wote ambaye mjukuu wake yumo katika chombo kimojawapo. Uamuzi husikika kwa mara ya kwanza jukwaani, washindi wanapoitwa. Aliyeonewa hajui ameonewa kwa kanuni gani, na aliyepewa haki naye hajui ameipata kwa kanuni gani.

Ili ieleweke tunazungumzia nini, tuangalie kinachotokea kwenye boya. Mashua mbili zenye urefu wa mita 8 zinakuja na upepo wa ubavuni, boya litaachwa upande wa kushoto. Moja imetangulia. Ya pili inakimbia zaidi, na omo yake inaingia upande wa ndani, kati ya mashua ya kwanza na boya. Nahodha wa nyuma anapiga kelele kudai nafasi. Wa mbele anajibu kwamba amechelewa. Kanuni za World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo wa matanga, ambazo toleo lake la sasa ni la mwaka 2025 hadi 2028, zina jibu lisilo na utata: kinachoangaliwa ni hali ilivyokuwa pale mashua ya kwanza kati ya hizo mbili ilipoingia katika eneo la boya, ambalo ni urefu wa mashua tatu. Kama wakati huo mashua ya nyuma ilikuwa imeshaufikia ubavu wa mwenzake, apewe nafasi ya kuzunguka. Kama ilikuwa bado iko nyuma kabisa, basi nafasi ni ya aliyetangulia, hata kama mwenzake atamfikia baadaye.

Kwa mashua ya mita 8, eneo hilo ni mita 24. Ikienda mwendo wa noti 6, mita hizo zinamalizika kwa muda usiofika sekunde 8. Ndani ya sekunde hizo nahodha anaangalia tanga, anawaita watu wake wajiandae kulegeza demani, anapima mkondo, na anasikiliza kelele za mwenzake. Mwamuzi aliyeketi jukwaani mbali ufukweni hawezi kuona mashua ipi iliufikia ubavu wa ipi, na picha ya simu iliyopigwa kutoka nchi kavu haimsaidii sana, maana ikipigwa kutoka pembeni hufanya vyombo vilivyoachana vionekane vimegusana. Waandishi wa kanuni waliliona hilo. Ndiyo maana wakaweka kwamba, kukiwa na shaka ya haki kuhusu iwapo chombo kilifika ubavuni kwa wakati, ichukuliwe kwamba hakikufika. Aliyetaka kuingia ndani kwa kubahatisha ndiye anayebeba shaka hiyo. Tumeona kikao cha ugomvi wa boya kikichukua jioni nzima kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kipengele hicho kipo. Kingesomwa, wangeshaenda kula.

Wapo wanaotuambia kwamba kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya vyombo vya Ulaya na hazina maana kwa mashua yenye foromali. Tumelifikiria hilo kwa uzito, na tunatofautiana nao. Chombo kinachopokea upepo kwa ubavu wa kushoto kumpisha kinachopokea kwa ubavu wa kulia. Chombo cha joshini kumpisha cha demanini vinapokuwa upande mmoja wa upepo. Cha nyuma kumpisha cha mbele: haya yanahusu upepo na maji, na upepo wa kusi haujali chombo kilichongwa Matondoni au kilimiminwa kiwandani. Hata pale ujenzi wa vyombo vyetu unapoleta tofauti, mara nyingi jibu limo tayari ndani ya kanuni kwa anayezisoma kwa makini.

Chukua suala la nafasi. Chombo kikikaribia fungu, au jahazi iliyotia nanga, na hakiwezi kugeuza bila kumgonga jirani yake, kina haki ya kumwita jirani ampe nafasi. Nafasi ya kiasi gani? Kanuni zinasema ni ile ambayo chombo kinaihitaji katika hali iliyopo, kikiendeshwa kwa haraka na kwa ubaharia mzuri. Chombo kidogo cha kisasa hukata upepo na kugeuka papo hapo. Mashua yetu hupeleka omo demanini, foromali inasimamishwa na kuzungushwa mbele ya mlingoti, tanga linahamia upande wa pili, watu wanahama, ndipo inapanda tena joshi. Inahitaji maji mengi zaidi na muda mrefu zaidi. Kwa hiyo nafasi ya mashua ni kubwa kuliko ya chombo kile, bila kubadilisha neno lolote la kanuni, na mwito nao lazima utolewe mapema zaidi ili mwenzake apate muda wa kujibu. Mwamuzi anayepima nafasi ya mashua kwa kipimo cha chombo kidogo cha kisasa amekosea kanuni yenyewe, wala hajaidharau mila yetu tu. Na nahodha anayekaa kimya hadi hanamu inakaribia kugusa fungu, kisha akapiga ukelele, naye hana haki.

Hata suala la lugha lina jibu. Kuna waliowahi kuambiwa kwamba pingamizi lao halikubaliki kwa kuwa hawakulitamka kwa Kiingereza. Kanuni zinaruhusu mwito wowote utolewe kwa lugha nyingine, mradi ni jambo la busara kutarajia kwamba vyombo vyote vinavyohusika vitauelewa. Katika mlango wa bahari wa Lamu na Manda hakuna nahodha asiyeelewa mtu anapoita "Pingamizi!"

Yapo mambo, hata hivyo, ambayo hayamalizwi kwa kusoma tu. Mfano ni dasturi. Mashua mbili zinafika kwenye mstari wa kumalizia pamoja. Ya kwanza ina dasturi ndefu iliyotangulia mbele ya omo, ya pili haina. Nani amefika? Mpaka mwisho wa mwaka 2020 kanuni za dunia zilihesabu chombo kimemaliza pale sehemu yoyote ya mwili wake, vifaa vyake au watu wake, vikiwa mahali pake pa kawaida, ilipokata mstari. Kuanzia toleo lililoanza tarehe 1 Januari 2021, kinachohesabiwa ni mwili wa chombo peke yake, kuanza na kumaliza. Mzee aliyejifunza kanuni zamani na kijana aliyezisoma juzi wataapa kila mmoja kwamba anasema kweli, na wote wawili watakuwa wamesoma kitabu. Lakini kwenye boya, kuamua kama chombo kimoja kimeufikia ubavu wa kingine, vifaa bado vinahesabiwa pamoja na mwili, kwa hiyo dasturi ileile isiyohesabika mstarini inahesabika boyani. Jambo la namna hii likiachwa hadi jioni, litaamuliwa kwa kuangalia dasturi ni ya nani.

Mfano mwingine ni farumi. Katika mashua nyingi za mashindano magunia ya mchanga huhamishwa kila chombo kinapogeuza, yakapangwa joshini pamoja na watu. Hiyo ni sehemu ya ufundi wetu, na watazamaji wanaipenda. Kanuni za dunia zinakataza kuhamisha farumi ili kubadilisha uwiano wa chombo. Waandaaji wakisema tu kwamba "tutatumia kanuni za kimataifa" na kuishia hapo, basi kila mashua iliyohamisha magunia siku hiyo imevunja kanuni, na anayetaka kumwangusha mshindi ana silaha mkononi. Njia ipo: kanuni zenyewe zinaruhusu vipengele vya aina hii kubadilishwa katika maelekezo ya mashindano, kwa maandishi, kwa kukitaja kipengele kinachobadilishwa. Miongoni mwa zisizoruhusiwa kuguswa ni zile za vyombo kupishana majini, maana hizo ndizo zinazolinda maisha, na tunaunga mkono katazo hilo kwa moyo wote.

Tunapendekeza badiliko lingine kwa vyombo vya foromali. Adhabu ya kawaida kwa chombo kilichomkosea mwenzake na kukiri ni kuzunguka mara mbili pale pale majini. Kwa mashua iliyopakia watu na mchanga, katika mlango mwembamba wenye mkondo mkali na vyombo vingine vikija, mizunguko miwili ni hatari kwa wasiohusika. Maelekezo yaseme mzunguko mmoja. Adhabu nyepesi inayotekelezwa tunaithamini kuliko adhabu nzito ambayo kila mtu anaikwepa, na hapa ndipo penye donda letu kubwa: katika mashindano yetu karibu hakuna anayezunguka. Mtu amemgonga mwenzake mbele ya watu, anaendelea, anamwachia Mungu na kamati. Kanuni za mchezo huu zimejengwa juu ya msingi kwamba washindani wenyewe ndio wa kwanza kuzifuata na kuzisimamia. Hakuna refa anayekimbia kando yetu na filimbi. Nahodha asiyezunguka akijua amekosea anaiba nafasi ya mtu, na wanachama wetu wamekubali kwamba atakayethibitika kufanya hivyo makusudi tutamwita mbele ya kikao chetu wenyewe kabla hatujanyoosha kidole kwa mwamuzi yeyote.

Tukifika kwenye usikilizaji wa pingamizi, utaratibu si mgumu na hauhitaji fedha. Anayelalamika aite papo hapo, na chombo chake kikiwa na urefu wa mita 6 au zaidi apandishe kitambaa chekundu panapoonekana, ili mlalamikiwa ajue tangu majini kwamba kuna shauri na apate nafasi ya kuzunguka akitaka. Akifika nchi kavu aandike: wapi, lini, chombo gani, kilitokea nini. Kama hajui kuandika, katibu wa kamati amwandikie na kumsomea. Pande zote mbili ziwepo muda wote ushahidi unapotolewa, kila mmoja asikie anachosemewa na amhoji shahidi wa mwenzake. Kaka, mjomba, mwenye deni au mwenye hisa katika chombo chochote kinachohusika asikae mezani kama mwamuzi. Wapange kauri mkekani badala ya vyombo, waoneshane upepo ulitoka wapi na mkondo ulivuta wapi. Tumeona watu waliokuwa wakitaka kupigana wakielewana mbele ya kauri nne na kijiti kinachoonyesha upepo.

Kisha kamati ifanye kazi yake kwa mpangilio ambao hatutauachia: kwanza iandike ukweli wa kilichotokea, ndipo itafute kanuni inayohusika, ndipo iamue. Kamati inayoanza na uamuzi huishia kutafuta ukweli wa kuufaa. Mtu anaweza kukubali kushindwa akisomewa: "Mlipofika mita 24 kutoka boya, mashua yako ilikuwa nyuma, kwa hiyo hukuwa na haki ya kuingia." Hawezi kukubali akiambiwa: "Kamati imeona hivyo."

Tunajua pia kwamba kamati nazo hukosea, na kanuni zinakubali hivyo. Boya likiburutwa na maji yanayokupwa na kamati isilirudishe, au chombo cha kamati kikimzuia mshindani, aliyeumizwa bila kosa lake ana haki ya kuomba arekebishiwe nafasi. Maombi hayo yasichukuliwe kuwa matusi kwa waandaaji. Haki hiyo humlinda pia aliyepoteza nafasi kwa kumsaidia mwenzake. Tarehe 24 Septemba 1988, katika bahari ya Pusan, kwenye Olimpiki ya Seoul, Lawrence Lemieux wa Kanada alikuwa katika nafasi ya pili akiendesha chombo cha aina ya Finn, bahari ikiwa imechafuka. Aliwaona mabaharia wawili wa Singapore waliokuwa katika mbio nyingine, chombo chao kimepinduka. Akaacha mbio zake, akaenda kuwaokoa, akakaa nao hadi chombo cha doria kilipofika, kisha akaendelea na kumaliza nyuma sana. Jopo la majaji lilimpa nafasi ya pili aliyokuwa nayo alipogeuka. Kanuni ya kwanza ya kitabu inakitaka kila chombo kimsaidie aliye hatarini, na kitabu hichohicho kinahakikisha kwamba aliyefanya hivyo hapotezi. Pwani ambayo kila familia ina mtu aliyewahi kuchukuliwa na bahari haiwezi kuwa na mashindano yasiyo na kipengele hicho, na tunasikitika kwamba mengi hayana.

Usimamizi wa haki unapimwa pia na kinachowapata wenye nguvu. Mwaka 2013, kabla ya mashindano ya America's Cup kuanza San Francisco, jopo la kimataifa liliikata alama 2 Oracle Team USA, mwenyeji na bingwa mtetezi, timu ya bilionea, kwa sababu ya vizito vilivyoongezwa kinyume cha kanuni kwenye vyombo vyake vidogo katika mashindano ya awali. Timu hiyo ililazimika kushinda mbio 11 ili ihesabiwe 9. Iliishinda New Zealand 9 kwa 8, na katika siku zote za mashindano kila mtazamaji alijua alama zile mbili zimekatwa kwa nini. Na Qingdao, kwenye Olimpiki ya mwaka 2008, Wadenmaki Jonas Warrer na Martin Kirketerp walivunjikiwa na mlingoti muda mfupi kabla ya mbio ya mwisho ya vyombo vya aina ya 49er, wakaazima chombo cha Wakroatia, wakaanza wakiwa wamechelewa, wakamaliza wa saba, na hiyo ikawatosha kupata dhahabu. Wapinzani walipinga kwamba walibadilisha chombo kinyume cha utaratibu. Shauri likafika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na matokeo yakabaki yalivyokuwa. Waliopinga hawakuitwa wachochezi. Walikuwa na haki ya kuuliza, wakasikilizwa, wakajibiwa kwa maandishi. Kwetu bado kuna mahali ambapo anayewasilisha pingamizi huambiwa anaharibu sherehe.

Hatuwavunjii heshima wazee wetu. Hakuna kitabu kinachojua mkondo wa Ras Kitau kama wao, wala saa ya bamvua ambayo mtu asithubutu kubisha karibu na mafungu. Tunawaomba wakae kwenye kamati wakiwa na kitabu mkononi, na wanapokuwa na jamaa yao majini, wainuke kwenye kiti kwa siku hiyo. Mzee anayeinuka mwenyewe kabla ya kuombwa atakuwa ametufundisha zaidi ya semina yoyote.

Wafadhili tunawashukuru kwa fedha zao, na tunawaomba jambo moja: wasimpigie simu mwenyekiti wa kamati wakati shauri linasikilizwa. Na boti za mashabiki zinazokimbia kando ya mashua zao, zikipiga mawimbi na kumwelekeza nahodha wapi upepo umekaza, ziondolewe kwenye njia ya mashindano. Huo ni msaada wa nje, na kanuni zinaukataza.

Kwa hiyo tunataka, kwa mashindano yote ambayo wanachama wetu watapeleka vyombo, maelekezo ya maandishi kwa Kiswahili yatolewe angalau siku moja kabla, yakitaja kanuni zinazotumika, namna dasturi inavyohesabiwa, na kila kipengele kilichobadilishwa, kama farumi na idadi ya mizunguko ya adhabu. Kikao cha manahodha kifanyike jioni hiyo, maswali yaulizwe, na majibu yaongezwe kwenye karatasi ileile na kubandikwa. Majina ya waamuzi wa pingamizi yatangazwe hapo ili mwenye sababu ya kumkataa mmoja wao aiseme mapema. Muda wa kuwasilisha pingamizi ujulikane. Saa 2 baada ya chombo cha mwisho kumaliza zinatosha. Zawadi zisitolewe shauri likiwa halijaamuliwa, hata kama mgeni rasmi ana haraka.

Kwa upande wetu, tumeteua manahodha watakaozunguka katika vijiji vya wanachama kusoma kanuni pamoja na vijana, sura kwa sura, kwa lugha yetu na kwa vyombo vyetu. Kamati yoyote inayotaka waende kwake itume ujumbe kwa katibu; hawatadai malipo zaidi ya nauli ya boti.

Mashindano yatakayotangazwa bila maelekezo ya maandishi, vyombo vya wanachama wetu vitabaki vimetia nanga siku hiyo. Waandaaji wanaohitaji msaada wa kuandika maelekezo yao ya kwanza wanakaribishwa kuleta rasimu, hata ikiwa ni ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono.

Limesomwa mbele ya wanachama, likapitishwa, na kutolewa Lamu kwa niaba yao.

Mwenyekiti
Katibu
Mweka Hazina